Baba Mlangoni

Somoe mwanangu,

Salamu nilikupa jana asubuhi ulipokuwa unaondoka kwenda Mitole kumuaga bibi yako. Ukasema shikamoo, nikaitikia marahaba, ukasimama kidogo kama mtu anayengoja kuambiwa neno. Nikakwambia uangalie begi lako ndani ya gari. Hilo ndilo lililonitoka. Basi naandika, maana kwa mdomo nimeshindwa na kesho unakwenda Mwanza.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyamaliza: sweta, ndala za bafuni, korosho za kumpelekea mwenye nyumba wako, na usipokee chakula cha mtu ndani ya basi. Ameyasema mara nne, na leo ukirudi atayasema ya tano. Mimi nimejifungia stoo kwenye magunia. Mbele yangu iko ile redio kubwa ya milango miwili ya kaseti, na pembeni iko kaseti yako, ile uliyoitupa kwenye boksi la vyuma chakavu. Niliiokota siku hiyo hiyo. Nina jambo la kukiri juu ya kaseti hii, na nakwambia wazi kwamba naogopa.

Lakini nianze na kibanda changu, maana ubaya wote umetokea huko.

Ulipozaliwa nilikuwa bado nina kibanda cha kurekodi pale karibu na stendi ya Lindi. Wewe unakumbuka kikiwa cha simu na chaja, hukukikuta katika enzi zake. Nilikuwa na ubao mlangoni, nimeandika kwa rangi nyekundu HAPA SAUTI SAFI, na sikuwa natania. Watu waliniletea taarabu, dansi, mawaidha, kaseti zilizokwisha kunakiliwa mpaka mwimbaji anasikika yuko chini ya kisima. Mimi nasafisha. Napunguza mvumo, naongeza sauti, nakata penye kukwaruza. Nilijiona fundi, na wenzangu walinikubali, na kichwa kikavimba.

Kazi nyingine ilikuwa barua za kaseti. Wewe umekua na simu mkononi, hujui adha yake. Mtu ana mwanawe Muskati au Dar, kusoma hajui, kuandika hajui, anakuja kibandani kwangu, ananunua kaseti tupu, anakaa kwenye kigoda, namwekea kipaza sauti, anazungumza. Salamu za nyumba nzima, nani kaoa, nani kafa, mbuzi kazaa. Akimaliza, namfungia kwenye bahasha anatafuta msafiri wa kumpa.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kiswere, Bi Hadija, kumrekodia mwanawe ambaye alikuwa hajamwona kwa miaka. Alizungumza upande mzima. Ila alikuwa na kikohozi, na kila akikohoa anapotelewa na maneno, ananyamaza, anavuta pumzi, anaanza upya. Alipotoka kwenda sokoni nikaona nimfanyie hisani. Nikanakili ile kaseti kwenye kaseti nyingine, na kila penye kikohozi nikaruka, kila penye kimya nikaruka. Ikatoka barua nzuri, imenyooka, kama inasomwa redioni. Bi Hadija akarudi, nikampigia asikie. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia ni wewe mama. Akasema, "Mimi nakohoa, baba. Mwanangu akisikia sikohoi atajua nimekufa, wamemtafutia mtu."

Nilicheka. Nikampa ile ya kwanza, yenye vikohozi vyake vyote, akaenda zake. Kwa miaka nilikuwa nawasimulia watu kisa hicho ili wacheke, na wewe umekisikia kwangu mara nyingi. Nadhani wewe peke yako ndiye hukuwahi kucheka.

Halafu ukaja na muziki wako. Wewe una jina lake la Kiingereza, bleki meto, naandika nilivyosikia. Kwanza ulikuwa nao kwenye simu, nikanyamaza, maana kila kijana ana kelele yake. Kisha zikaanza kuja bahasha posta, kaseti kutoka kwa kijana wa Chile, nyingine kutoka Nairobi, jalada limetolewa fotokopi mpaka picha imekuwa doa jeusi. Wewe nawe ukawa unawapelekea kaseti za ngoma ulizokuta kwenye makabati yangu. Nilifurahi kuona mtu anashika kaseti tena. Nikakaa karibu yako, nikasema haya, tia nisikie.

Mwanangu, sikusikia kitu. Nilisikia mvua kwenye mabati, na nyuma ya mvua mtu anapiga ndoo, na nyuma ya ndoo mtu mwingine anachinjwa. Nikanyoosha mkono nipunguze mvumo. Ukanishika mkono. Ukasema, "Acha baba, huo mvumo ndio wenyewe."

Nikakuuliza wenyewe nini. Ukanieleza siku ile kwa muda mrefu kuliko siku zote ulizowahi kuzungumza nami, na mimi nilikuwa nikiitikia tu huku nafikiria futari. Leo najilazimisha kuyakumbuka. Ulisema hizo ni rekodi za mwanzo kabisa, za vijana wa umri wako au chini yako, huko kwenye nchi za baridi na kwingineko, waliojifungia ghalani na kipaza sauti kimoja. Hawakujua kupiga vizuri. Hawakuwa na fundi. Walitoa nakala ishirini, pengine kumi, wakawatumia watu kwa posta, na wengi wao hawakusikika tena. Ulisema muziki uliotengenezwa vizuri unakuwa umekwisha kumaliza kila kitu, wewe msikilizaji huna kazi. Huu unabidi uusogelee, utege sikio, uumalizie mwenyewe. Ulisema ukisikiliza unamsikia mtu akiwa chumbani kwake kabla hajajua kama kuna mtu atamsikia. Hapo ulikuwa umeshika ile kaseti kwa mikono miwili.

Nikakuuliza habari ya zile pembe na misalaba iliyopinduliwa kwenye majalada. Wewe ni mtoto wa Kiislamu, umehitimu madrasa, lazima niulize. Ukasema, "Baba, wengi walikuwa watoto wa miaka kumi na saba wanatisha wazazi wao. Maneno yenyewe hayasikiki." Nikasema basi wamefanikiwa. Tukacheka pamoja, na hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja juu ya jambo hilo.

Sasa siku ya mlango. Mama yako alikuwa kwa dada yake, mimi nimetoka msikitini kuswali adhuhuri. Bi Fatu, jirani yetu, akanivizia uani. Akaninong'oneza kwamba siku ya tatu hii anasikia sauti nzito ya mwanamume ndani ya stoo yangu, na kila ikisikika Somoe haonekani. Akasema mtoto ana mtu kichwani, usimkemee, muulize kwa adabu.

Unajua kwetu mambo hayo yanavyokwenda. Jini halifukuzwi kama kuku. Unalisalimu, unaliuliza jina, unaliuliza linataka nini, ubani au kitambaa au mnyama, mnaelewana. Shangazi yako tulimuuliza hivyo hivyo, nikiwa mdogo, nilimwona baba yangu mwenyewe amesimama mlangoni anabembeleza. Nikafika kwenye mlango wa stoo. Na kweli nikasikia. Sauti imetoka chini kabisa, inakoroma, inavuta, haina umri. Nikajua ni kweli, mtoto wangu kachukuliwa. Nikavua viatu, nikanyoosha kofia, nikasema:

"Asalaam aleikum. Wewe ni nani? Unataka nini kwa mwanangu? Kama ni kitu cha kutoa, sema, nitatoa."

Ikawa kimya. Nikarudia, sauti yangu inatetemeka kama ya mwombaji. Ndipo mlango ukafunguka, ukasimama wewe, umetota jasho, gitaa la kuazima kwa yule kijana wa kwaya ya parokiani linaning'inia shingoni, kipaza sauti changu cha zamani mkononi. Ukasema, "Baba, ni mimi."

Ulicheka. Si kwa dharau, nilikuona, ulicheka huku machozi yanakulengalenga. Lakini nyuma yangu Bi Fatu naye alicheka, na jioni ile barazani habari ilikuwa imenitangulia. Wakaniuliza kama nilimkaribisha mgeni kahawa. Wakaniuliza dini yake. Kila nikipita mtu ananivulia viatu. Utani ni utani, mimi mwenyewe nimewatania watu maisha yangu yote, lakini huo haukuniingia. Nilikuwa nimeogopa kweli, Somoe. Pale mlangoni nilikuwa tayari kutoa chochote, hata nyumba hii. Na ikageuka kichekesho. Sikuweza kuwakasirikia watu wote wa baraza, nikakukasirikia wewe.

Ulipokwenda Kilwa Masoko kwenye usaili wa hii kazi ya Mwanza ya kutengeneza mashine za hospitali, siku tatu hukuwapo. Siku ya pili niliingia humu. Kaseti yako, ile uliyojirekodi humu stoo, ilikuwa juu ya redio, imeandikwa kwa mkono wako kwamba ndiyo ya asili. Nikaigeuza, nikaona vile vijipembe viwili vya plastiki mgongoni umeshavivunja. Ni mimi niliyekufundisha. Ulikuwa na miaka minane, nikakwambia kitu ukikipenda kivunjie vijipembe, hapo hata redio ikitaka kurekodi juu yake haiwezi. Kumbe hukusahau.

Kwa hiyo siwezi kusema kidole kiliteleza. Nilichana selotepu, nikaziba matundu yote mawili, nikabana vizuri kwa ukucha. Nikachomoa kipaza sauti. Nikabonyeza kurekodi, na redio ikarekodi hakuna kitu. Nilikaa hapa hapa kwenye gunia upande wa kwanza ukaisha, nikageuza, nikakaa upande wa pili. Saa nzima. Nilikuwa na saa nzima ya kubadili mawazo, na nilichofanya ni kukata kucha.

Uliporudi umepata kazi, una furaha, ulitaka kuanza kutoa nakala sita za kuwatumia wenzako kwa posta. Ukaitia. Ikalia kimya. Ukaigeuza. Mimi nilikuwa uani, ukaniita, uso wako umebadilika. Ukaniuliza kama fundi, baba inawezekanaje. Na mimi, mbele ya mwanangu, nikaishika kaseti, nikaiangalia mwangani kama sijawahi kuiona, nikakuuliza uliiweka wapi. Ukasema juu ya redio. Nikasema ah, sumaku ya spika hiyo, inafuta.

Haifuti namna hiyo. Fundi yeyote anajua. Wewe mwenyewe umesomea umeme, ungejua kama angekwambia mtu mwingine. Lakini niliyesema ni mimi. Ukasema, "Basi kosa ni langu, baba." Ukaingia ndani.

Nilikusikia ukilia. Nilisimama nje ya mlango wa chumba chako, na safari hiyo sikuuliza kitu. Baadaye nikakwambia rudia, si vyombo unavyo. Ukasema haiwezekani kurudia. Nikaona ni ukaidi.

Wiki iliyopita mama yako alinipa boksi lako la madaftari nilifunge kamba. Chini kulikuwa na bahasha, ndani majalada sita umeyatoa fotokopi, umeyakata kwa mkasi. Picha ni mlango wa stoo hii, mweusi, na jozi ya viatu mbele yake. Viatu vyangu. Nikafungua ndani. Umeandika: Upande wa Kwanza. Moja, Baba Mlangoni. Na chini yake kwa maandishi madogo: Sauti ya mwanzo ni ya baba yangu. Hakujua kwamba anarekodiwa, wala hakujua kwamba ni mimi.

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi mpaka naogopa kuyasoma tena. Uliniacha ndani. Kila nilichokuwa nakionea haya, kutetemeka, kubembeleza, ile asalaam aleikum yangu kwa mtu ambaye hayupo, hukukata hata kidogo. Ungeweza kuruka, nilikufundisha kuruka. Ukakiweka mbele kabisa, kabla ya ngoma zako na gitaa lako, ukataka watu sita duniani wasikie kwamba una baba aliyesimama mlangoni kwako akiwa tayari kutoa chochote. Na mimi nikaketi saa nzima nikaifuta.

Sijui nifanye nini na jambo hili, mwanangu. Nimezoea kutengeneza. Redio ikifa naifungua, simu ikiingia maji naianika. Hili nimeligeuza kila upande na halina pa kuanzia.

Nimejaribu, nisikufiche. Kichwa cha kufutia cha redio hii kimechakaa, kimeliwa na utepe miaka ishirini. Hakifuti chote. Juzi niliitia kaseti yako, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikaweka sikio kwenye spika. Mvumo. Mvumo mtupu, ule ambao maisha yangu yote nimekuwa nikiufukuza. Nikaendelea kukaa. Na ndani ya mvumo, mbali sana, ukaja wewe. Si wimbo, ni kama mtu yuko nyumba ya tatu. Unakoroma, unanyamaza, ndoo inapigwa. Nilisogea nikatega sikio, nikawa naumalizia mwenyewe kama ulivyosema. Nimekusikiliza juzi, jana, na leo. Bado siupendi muziki wenyewe, nisikudanganye mara ya pili. Lakini nimekusikia ukiwa chumbani kwako. Sauti yangu ya mwanzo siipati sawasawa. Mara naipata, mara ni mvumo tu, mara najitungia.

Nikajaribu kurudia sehemu yangu. Tangu asubuhi nimetia kaseti mpya, nikavua viatu, nikasimama nje ya mlango nikasema yale maneno. Mara tatu. Zimetoka safi kabisa. Mtu anayesema hayo maneno anajua stoo haina mtu. Nimezifuta zote.

Ulisema haiwezekani kurudia. Sasa nimeelewa, na kuelewa kwenyewe hakusaidii.

Nasaha sina. Baba wengine mtoto akiondoka wanampa la kushika, mimi naona nitakupa la kunishikia. Labda hili tu, na ulichukue kama la mtu aliyeharibu: ukija kumpenda mtu, na siku moja ukasikia ndani yake sauti usiyoijua, fungua mlango kwanza. Mimi nilisimama nje nikaanza kumuuliza mwingine. Miaka ishirini na mbili umekaa nyumba hii, na maswali yale mawili, wewe ni nani, unataka nini, sijawahi kukuuliza wewe. Nimemuuliza jini.

Nilikuwa nimepanga barua hii niifiche chini ya khanga kwenye begi, uikute Mwanza, ukasirike ukiwa mbali. Naona huo nao ni woga ule ule. Lakini kukukabidhi mkononi nako siwezi. Nitaona ukifika.

Ile kaseti mpya nimeiacha inazunguka. Nilibonyeza kurekodi mara ya nne kisha sikuwa na la kusema, nikakaa nikaendelea kuandika. Imeshika kalamu yangu, na jogoo wa Bi Fatu, na mama yako anayekaanga kitu jikoni. Nimekohoa mara mbili. Sikukata.

Nasikia pikipiki imesimama nje. Nasikia mama yako anakupokea mzigo, anaanza la sweta. Unaniulizia. Anakwambia yuko stoo tangu asubuhi, kajifungia, anaongea peke yake.

Hizo ni hatua zako uani. Umesimama nje ya mlango. Redio inazunguka.

Umesema, "Hodi. Baba, uko na nani humo?"

Ngoja kwanza nivunje vijipembe vya kaseti hii. Hapana, nikiitoa sasa itakatika, nitavivunja baadaye, wewe ukiwapo. Sauti yako imeingia, Somoe. Nafungua.

Baba yako.